Shaba, Sumaku na Mfuko Mtupu: Jinsi Gitaa la Panki Lilivyopata Sauti Yake

Januari 1974, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi aliingia katika duka la Manny's, Barabara ya 48 jijini New York, mtaa ambao enzi hizo ulikuwa umejaa maduka ya vyombo vya muziki. Jina lake lilikuwa John Cummings. Alikuwa na pesa kidogo za jasho lake na nia ya kuanzisha bendi na wenzake wa Forest Hills, kitongoji cha Queens walikokulia. Gitaa jipya la Gibson au Fender halikuwa saizi ya mfuko wake. Akatoka na gitaa la buluu la Mosrite, aina ya Ventures II, kwa dola hamsini na kitu. Muda si mrefu dunia ikamjua kwa jina la Johnny Ramone, na kabla ya miaka mitatu kupita, mlio wa gitaa lile ulikuwa umegeuza masikio ya vijana pande zote mbili za Atlantiki.

Nimeanza na duka na bei kwa makusudi. Mpiga gitaa wa leo anayetaka sauti ya panki au ya pop-panki hukabiliwa na orodha ndefu ya pikapu: majina, tarakimu za ukinzani, aina za sumaku. Ni rahisi kudhani kuwa sauti hiyo ilipangwa na wataalamu mezani. Mambo yalikwenda kinyume. Kwanza mfuko mtupu ulichagua gitaa, halafu masikio yakaupenda mlio wake, na mafundi wakaja mwisho, wakiufuata kwa waya na sumaku. Anayeijua historia hii hanunui pikapu kwa kubahatisha.

Neno panki wengi wetu tulilisikia kwanza kwa kinyozi, kama mtindo wa nywele. Hapa ni muziki: nyimbo fupi, za kasi, chodi chache, gitaa linalokwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho. Pop-panki ni mdogo wake, mwenye kasi ileile lakini mwenye kibwagizo kinachoimbika barabarani. Na pikapu ni kile kisanduku chembamba kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kinachougeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme.

Waya kama unywele

Ukiifungua pikapu unakuta vitu vichache mno. Kuna bobini ya plastiki, ndugu wa ile ya cherehani ila ni ndefu zaidi. Kuna sumaku. Na kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliopakwa vanishi na kuzungushwa maelfu ya mara hadi ukawa kama kitambaa kinachong'aa. Ukiugusa kwa ukucha bila uangalifu unakatika, na pikapu inakufa palepale. Uzi wa gitaa ni chuma. Ukitikisika juu ya sumaku, unaitikisa nguvu ya sumaku, na mtikisiko huo unazalisha umeme kidogo sana ndani ya shaba. Umeme huo unakwenda kwenye amplifaya, unakuzwa, na spika inasema. Kanuni yenyewe iligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, karne nzima kabla mtu yeyote hajaifunga kwenye gitaa.

Waliofanya hivyo walikuwa Los Angeles. George Beauchamp alikuwa mpiga gitaa wa mtindo wa Hawaii, muziki uliovuma sana Marekani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na shida yake ilikuwa ya kila mpiga gitaa wa zama zake: tarumbeta na ngoma zilimmeza. Yeye na Adolph Rickenbacker, kati ya 1931 na 1932, walitoa gitaa la kupakata la alumini lililofanana na kikaango, na hilo ndilo jina lililoliganda. Sumaku mbili zenye umbo la kiatu cha farasi zilizikumbatia nyuzi zake. Hataza ilipatikana mwaka 1937.

Wakati huo kila fundi alitaka mlio safi, mnene, unaosikika. Wapenzi wa muziki wa dansi tunajua raha ya mlio wa namna hiyo: kwenye gitaa la solo la Mbaraka Mwinshehe kila noti husikika peke yake, kama shanga moja kwenye uzi. Kukwaruza kulihesabiwa kuwa kasoro. Mwaka 1946 kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilitoa pikapu iliyoitwa P-90, kazi ya mhandisi wake Walt Fuller. Ilikuwa na koili moja pana, sumaku mbili chini yake, na waya uliozungushwa takriban mara 10,000. Ukiunyoosha waya huo ni karibu kilomita moja na nusu ya shaba ndani ya kitu kinachoenea kiganjani. Haba na haba hujaza kibaba: kila mzunguko huongeza chembe ya umeme, na mizunguko 10,000 huweza kuibana amplifaya mpaka ianze kukwaruza.

P-90 ilikuwa na ugonjwa mmoja. Koili moja ni kama antena. Inanasa mtikisiko wa uzi, na hapohapo inanasa mvumo wa umeme wa majumbani, ambao Marekani hutetemeka mara 60 kwa sekunde na kwetu Afrika Mashariki mara 50. Anayepiga gitaa la koili moja karibu na taa ya tyubu au transfoma anaujua mvumo huo vizuri.

Dawa ilipatikana mwaka 1955. Seth Lover, fundi wa Gibson aliyekuwa amewahi kulitumikia jeshi la majini, alizipanga koili mbili ubavu kwa ubavu, moja ikitazama kinyume cha nyingine, na nguzo za sumaku zao pia zikapishana. Mvumo ulipoingia koili zote mbili ulijikuta unapingana na nafsi yake na kufa. Sauti ya nyuzi, kwa sababu ya kule kupishana kwa sumaku, ilijumlishwa. Pikapu hiyo ikaitwa hambaka, maana yake kipinga mvumo, na kuanzia 1957 ikawekwa kwenye magitaa ya bei kubwa ya Les Paul. Chini yake palibandikwa kibandiko kidogo kusema kwamba hataza imeombwa. Hataza yenyewe ilitolewa mwaka 1959.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1950 vifaa vyote viwili ambavyo panki ingevihitaji vilikuwa tayari: koili moja yenye makali na mvumo, na koili mbili zenye unene na utulivu. Panki yenyewe ilikuwa bado miaka ishirini.

Gitaa la mwanafunzi

Mwaka 1954 Gibson ilitoa Les Paul Junior kwa dola 99.50. Kwenye katalogi lilikusudiwa wanafunzi. Ubao ulikuwa bapa, bila urembo, na katika gitaa zima mlikuwa na pikapu moja tu, P-90, karibu na daraja, pamoja na nobu mbili. Gharama ilipunguzwa kwa kuondoa kila kilichoondoleka.

Tukae kidogo kwenye mahali pale ilipowekwa, maana hapo ndipo siri ya sauti ya panki ilipolala. Karibu na shingo ya gitaa uzi hucheza kwa upana, na pikapu iliyo pale hutoa mlio wa duara, wenye besi nyingi. Karibu na daraja uzi umebanwa, unacheza kidogo, na mlio wake ni mkavu na wenye makali. Ukipiga noti moja moja taratibu utapenda wa shingoni. Lakini ukiikaza amplifaya mpaka ikakwaruza, kisha ukapiga chodi nzima za nyuzi sita kwa kasi, besi za shingoni hurundikana zikawa uji, na chodi hii haitofautiki na ile. Mlio wa darajani ndio unaopenya. Gibson haikuiweka P-90 darajani kwa ajili ya panki. Palikuwa na fungu la kununulia pikapu moja tu, na hiyo moja ikaangukia hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 magitaa haya yalipatikana kwa wauzaji wa mitumba kwa bei ya kuvumilika, maana matajiri wa roki walikuwa wakiwinda Les Paul za hambaka. Johnny Thunders wa New York Dolls, bendi iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1973, alilifanya Junior kuwa alama yake. Alilipiga kana kwamba anagombana nalo. Desemba 1976 alifika Uingereza na bendi yake mpya, The Heartbreakers, kuzunguka pamoja na Sex Pistols, The Clash na The Damned katika ziara iliyofutiwa maonyesho mengi na wakuu wa miji. Mick Jones wa The Clash naye alikuwa mpenzi wa Junior. Gitaa la mwanafunzi lilikuwa limepata shule yake.

Mkono unaoshuka

Mosrite la Johnny Ramone lilitoka ukoo uleule wa umaskini. Semie Moseley wa Bakersfield, California, aliyatengeneza magitaa hayo miaka ya 1960 akishirikiana na bendi ya The Ventures, na Ventures II lilikuwa toleo la bei ya chini. Pikapu zake zilikuwa za koili moja, pana, zenye nguvu. Fasheni ilikuwa imekwisha kulipita, na ndiyo maana lilipatikana kwa dola hamsini na kitu.

Johnny hakuwa na nia ya kupiga solo. Alichagua kitu kimoja akakifanya kwa bidii ya mtu anayepiga tofali: chodi za nyuzi zote, mkono wa kulia ukishuka tu, bila kupandisha, kwa kasi ambayo wapigaji wengi hawawezi kuimaliza dakika moja. Mkono unaoshuka tu huzipiga nyuzi kwa uzito uleule na mpangilio uleule kila mara, kuanzia nyuzi nene, na pikapu yenye nguvu iliyo darajani haiachi pigo lolote lizame. Nyuma yake palikuwa na amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa.

Albamu ya kwanza ya bendi yake, Ramones, ilirekodiwa Februari 1976 katika studio ya Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall, kwa gharama ya takriban dola 6,400. Nyimbo 14 kwa dakika 29. Ukitaka kujua pikapu ya panki ilikuwa inafanya nini, sikiliza albamu hiyo kwa spika za masikioni, kisha toa upande mmoja. Gitaa limewekwa sikio moja na besi sikio jingine, kwa hiyo unaweza kubaki na Johnny peke yake. Wengi hushangaa. Waliodhani ni kelele tupu hukuta mlio ulio safi kuliko kumbukumbu yao: makali mengi, kukwaruza kwa kiasi, na kila chodi inatambulika. Nguvu inatoka mkononi. Somo hili watengenezaji wa baadaye walilisahau mara nyingi.

Gitaa lile la buluu liliibwa mwaka 1977. Johnny akanunua Mosrite jingine, jeupe, la mwaka 1965, na safari hii akabadilisha pikapu zake. Shingoni aliweka hambaka ndogo, na darajani, pale anapopigia, akaweka pikapu ya koili moja ya kampuni ya DiMarzio iitwayo FS-1. Alikuwa na pesa sasa na angeweza kununua chochote. Alichotafuta ni kitu cha kumrudishia mlio ule wa mwanzo.

London na Manchester

Ramones walipiga ukumbi wa Roundhouse jijini London tarehe 4 Julai 1976, na vijana waliokuwa wakihangaika na bendi zao wakapata kipimo. Lakini Waingereza hawakunakili kila kitu. Steve Jones wa Sex Pistols alikuwa na Les Paul Custom jeupe lililokuwa la Sylvain Sylvain wa New York Dolls, alilolipata kupitia kwa meneja wao Malcolm McLaren. Hilo lilikuwa gitaa la daraja la juu, lenye hambaka mbili. Katika albamu ya Sex Pistols ya Oktoba 1977, mtayarishaji Chris Thomas na fundi mitambo Bill Price waliyarundika magitaa ya Jones tabaka juu ya tabaka, na yeye mwenyewe akapiga sehemu kubwa ya besi. Matokeo yake ni ukuta. Hambaka haikuvuma kati ya mapigo, unene wake ukajaza nafasi yote, na sauti ile ndiyo iliyotangulia ile ambayo pop-panki ingekuja kuimiliki.

Manchester ilitoa mchango wa aina nyingine. Januari 1977 bendi ya Buzzcocks ilitoa sahani yake ya kwanza, Spiral Scratch, kwa pauni 500 za kukopa kwa ndugu na marafiki. Pete Shelley alikuwa na gitaa rahisi la Starway lililovunjika kipande cha juu cha mwili wake, akaendelea kulipiga hivyohivyo. Ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Pikapu yake haikuwa na jina lolote la kujivunia, lakini vidole vya Shelley vilijua kutunga nyimbo za mapenzi zenye kibwagizo kitamu ndani ya dakika tatu. Bendi nyingi za pop-panki zilizokuja baadaye zinakula urithi wake.

Kolwezi, Mei 1978

Hapa hadithi inapita karibu na nyumbani kwa Waswahili kuliko wengi wanavyojua. Sumaku ya pikapu za zamani inaitwa alniko, jina lililounganishwa kutokana na alumini, nikeli na kobalti. Katika alniko namba 5, inayotumika sana kwenye magitaa, kobalti ni karibu robo ya uzito. Na katika miaka ileile ya 1950, Gibson na Fender walipokuwa wakijenga magitaa yao mashuhuri, mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani alikuwa Kongo ya Wabelgiji, kutoka machimbo ya Katanga, nchi ambako mchimbaji na mkewe huzungumza Kiswahili. Kobalti hutoka humo ikiwa imechanganyika na shaba. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo hilo lenyewe liliitwa Shaba. Hakuna awezaye kusema kipande fulani cha sumaku kilitoka shimo fulani, lakini shaba ya waya na kobalti ya sumaku hupatikana pamoja katika aina moja ya udongo, na udongo huo kwa wingi wake uko Kolwezi na Likasi.

Mei 1978 wapiganaji waliotokea Angola waliiteka Kolwezi. Raia wengi waliuawa, Wakongo na Wazungu, na machimbo yakasimama. Bei ya kobalti duniani ikapanda mara kadhaa. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa spika nchini Marekani, waliokuwa bado wanashikilia alniko, waliiacha wakahamia sumaku ya ferrite, ile ya kauri nyeusi isiyo na kobalti hata chembe. Walikuwa wanakamilisha safari ambayo wengine walikwisha kuianza kwa sababu ya gharama. Kwenye pikapu za gitaa kauri ilikuwa imekwisha kuingia, na kwa sababu tofauti: ina nguvu nyingi, na mlio wake una makali ambayo yanafaa pale mtu anapotaka amplifaya ikwaruze.

Mafundi waifuata sauti

Mwaka 1972 Larry DiMarzio wa New York alitengeneza hambaka yenye sumaku ya kauri na waya mwingi, akaiita Super Distortion. Ilikuwa mojawapo ya pikapu za kwanza kuuzwa pekee, kwa mtu anayetaka kung'oa ya kiwandani na kuweka nyingine. Hapo ndipo biashara ya kuchagua pikapu ilipozaliwa. Kabla yake, ulipiga kile ulichouziwa.

Upande mwingine wa bahari, kijana wa New Jersey aitwaye Seymour Duncan, aliyejifunza kuzungusha waya kwa kutumia sahani ya gramafoni, alikuwa London akitengeneza magitaa ya watu maarufu. Mwaka 1973 alichukua hambaka za zamani za Gibson zilizoharibika, akazizungushia waya upya, akazipachika kwenye gitaa la Telecaster na kumpa mpiga gitaa Jeff Beck. Ile ya darajani ndiyo iliyozaa pikapu yenye herufi mbili, JB. Mwaka 1976 Seymour na Cathy Carter walifungua kiwanda Santa Barbara, California. JB ina sumaku ya alniko namba 5 na ukinzani wa takriban kiloomu 16, karibu mara mbili ya hambaka ya Seth Lover.

Tarakimu hiyo inahitaji tahadhari. Ukinzani mkubwa huashiria waya mwingi au mwembamba zaidi, na kwa kawaida nguvu kubwa. Lakini kila mzunguko unaoongezwa unaondoa sehemu ya makali ya juu, na mlio unasogea kuelekea katikati. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: kwa vile wateja walisifu nguvu, pikapu nyingi ziliongezwa waya mpaka zikawa na kelele bila uso. Ufundi wa JB ni kwamba ilipandisha nguvu na kubaki na mlio wa katikati unaosikika kama mtu anayezungumza kwa kubana pua kidogo. Katika nyimbo ambamo besi, ngoma na waimbaji wanagombea nafasi, sauti hiyo haipotei.

Gitaa la mama

Billie Joe Armstrong alifiwa na baba akiwa na miaka 10, mwaka 1982, huko Rodeo, California. Mama yake, mhudumu wa mgahawa mwenye watoto sita, alimnunulia gitaa kutoka kwa mwalimu wake wa muziki. Lilikuwa Fernandes la Kijapani, nakala ya Stratocaster, na yeye akalipa jina la Blue. Stratocaster asilia ina pikapu tatu za koili moja. Hili darajani lilikuwa na hambaka, kwanza ya Bill Lawrence, baadaye JB ya Seymour Duncan. Mtindo wa kutia hambaka kwenye mwili wa Stratocaster ulikuwa umeenezwa na mpiga gitaa Eddie Van Halen tangu 1978. Kijana wa Rodeo aliuhamishia kwenye chodi tatu.

Yeye na wenzake wa bendi ya Green Day walikulia katika klabu ya 924 Gilman Street, Berkeley, iliyofunguliwa usiku wa kuamkia mwaka 1987 ikiendeshwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1993 walirekodi albamu ya Dookie katika studio za Fantasy, mjini humohumo, na mtayarishaji Rob Cavallo, gitaa likipita kwenye Marshall iliyofanyiwa marekebisho. Ilitoka Februari 1994, na mauzo yake yakahesabiwa kwa mamilioni. Agosti ya mwaka huo kwenye tamasha la Woodstock, New York, mashabiki waliwarushia matope, Blue likiwa begani mwa Billie Joe.

Ukilinganisha albamu hii na ile ya Ramones utasikia miaka 18 ya kazi ya mafundi. Kasi ni ileile na chodi ni zilezile. Lakini mlio umekuwa mpana, mapengo yamejaa, mvumo umenyamaza, na ukimya kati ya pigo na pigo ni mweusi kabisa. Huo ndio mpaka kati ya panki na pop-panki kwa upande wa pikapu. Koili moja inaacha hewa na kingo zilizochongoka. Hambaka yenye nguvu inajenga ukuta laini ambao mwimbaji anaegemea kibwagizo chake.

Nobu moja

Tom DeLonge wa bendi ya Blink-182 aliifikisha fikra hiyo mwisho wa njia. Baada ya mafanikio makubwa ya albamu ya 1999, Enema of the State, kampuni ya Fender ilitoa mwaka 2001 Stratocaster lenye jina lake. Lilikuwa na pikapu moja darajani, Invader ya Seymour Duncan, yenye sumaku tatu za kauri na skrubu nyeusi nene zinazoonekana kutoka mbali, na nobu moja ya kuongeza na kupunguza sauti. Hapakuwa na swichi ya kubadili wala nobu ya kulainisha mlio. Kampuni ilimtengenezea nyota kwa makusudi kile ambacho Gibson ilikuwa imewatengenezea wanafunzi mwaka 1954 ili kubana gharama. Mwaka 2023 Fender walilirudisha gitaa hilo sokoni.

Billie Joe naye alizeeka akirudi nyuma. Alianza kukusanya Les Paul Junior za zamani, na sauti zake zikasikika katika American Idiot ya 2004. Mwaka 2006 Gibson ilitoa Junior lenye jina lake, likiwa na pikapu moja iitwayo H-90: umbo na makali ya P-90, lakini koili zimewekwa moja juu ya nyingine ili kuua mvumo. Kazi ya Walt Fuller na wazo la Seth Lover zilikutana ndani ya kisanduku kimoja, baada ya miaka hamsini ya kuishi nyumba tofauti.

Septemba 2021 Mosrite jeupe la Johnny Ramone liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 900,000. Alikuwa amelipiga tangu 1977 hadi bendi ilipoagana na mashabiki Agosti 1996. Aliyelinunua alinunua historia, na ana haki. Lakini kilichomo ndani yake pale darajani si johari. Ni pikapu ya kawaida ya dukani ambayo mwenyewe aliichagua, akaifunga kwa skrubu na kuipiga kwa mkono unaoshuka.

Kwa kijana wa Nairobi au Dar es Salaam mwenye gitaa la bei ya kawaida, jambo la kwanza halihitaji pesa. Geuza swichi upande wa daraja na uiache hapo. Chukua bisibisi, pandisha pikapu taratibu kuelekea nyuzi mpaka mlio uanze kujaa, kisha ishushe kidogo pale nyuzi zinapoanza kuvutwa na sumaku na kuyumba. Punguza kukwaruza kwa amplifaya hadi uweze kuitambua kila chodi. Piga kwa kushuka, wimbo mzima. Mkono ukichoka na masikio bado yanadai kitu, utajua kwa uhakika kama unachokosa ni makali ya koili moja au ukuta wa hambaka, na hapo ndipo pesa ya pikapu inapopata kazi ya kufanya.